Mahali pa Kusimama Pembe Ikilia

Vudee, kupitia Makanya
7 Machi 1954

Mpwa wangu Anaeli,

Nakusalimu kutoka nyumba zote mbili, yangu na ya mama yako. Sote tu wazima. Masika yameanza kwa kusitasita, mvua inanyesha kidogo halafu inasimama kama mtu aliyesahau alichokuwa akisema. Yule mbuzi mweusi wa mama yako amezaa mapacha, na dada yangu Dina, mama yako, anatembea kijijini kana kwamba amewazaa yeye. Mguu wangu wa kushoto umekuwa mtabiri: ukiuma jioni, asubuhi kuna ukungu. Naftali, mwana wa jirani yetu, amerudi kutoka Mombasa juma lililopita, kasha lake limebebwa na wanaume wawili tangu stesheni ya Makanya hadi huku juu, na wanawake walipiga vigelegele kabla hata hawajajua mna nini ndani.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Niliteremka Makanya kuchukua chumvi na barua, nikamkuta Athumani dukani kwake. Akaniuliza, "Mwalimu, vijana wetu wanaendeleaje huko majini?" Nikasema vijana gani, majini gani. Akacheka, kisha akaona sicheki. Ndipo akaniambia kwamba wewe na mdogo wake Kassimu mmeacha kupakia mkonge bandarini Tanga, mmeandikwa kazi ya dobi katika ile meli *Lady Marchmont*, meli kubwa ya Wazungu wanaozunguka Afrika nzima wala hawana shughuli yoyote huko waendako.

Sikukasirika. Nilikufundisha kusoma ili dunia isiwe ndogo kwako, siwezi leo kulalamika kwamba umeiona kubwa. Lakini mama yako bado anadhani uko Tanga. Sijamwambia. Akiniuliza sitamdanganya, ila nimekuwa mwangalifu nisikae naye mahali ambapo swali hilo linaweza kuzuka. Mwandikie mwenyewe.

Nina swali moja, nalo linatoka kwenye ndiva yetu. Unajua jinsi bwawa lile linavyotunzwa. Usiku linakusanya maji ya mfereji, asubuhi tunazibua na kugawana mashambani. Kazi yake ni ya wote, na kila mtu ana mahali pake. Wa ukoo wetu husimama upande wa mawe makubwa, wengine kwenye mlango wa maji, wengine ukingo wa chini. Pembe ikilia, hakuna anayeuliza niende wapi, maana aliyesubiri kuuliza amekwisha kuchelewa. Nami nauliza: katika meli hiyo, pembe ikilia, wewe unasimama wapi?

Nijibu hilo.

Mjomba wako,
Asheri Mmbaga


Durban
19 Aprili 1954

Mjomba wangu mpendwa, shikamoo.

Barua yako ilinisubiri Mombasa kwa wakala wa meli, nikaipata tuliporudi kupita. Nimefurahi kusikia habari za mapacha. Kassimu anakuamkia sana, na anasema Athumani ana mdomo kama debe lililotoboka.

Mjomba, ungeiona meli hii. Ukiweka nyumba zote za Vudee ndani yake, pamoja na kanisa, bado kungebaki nafasi ya mnada. Kuna chumba cha kucheza muziki, kuna bwawa la kuogelea juu ya meli inayoelea juu ya bahari, jambo ambalo Kassimu mpaka leo hajalielewa. "Maji yote yale pembeni," anasema, "na bado wamejaza karai." Sisi tuko chini kabisa, chumba cha dobi, ngazi tatu kwenda chini kutoka mahali penye mwanga. Kuna joto la kuoka mkate. Tunafua, tunakausha, tunapiga pasi mashuka, mashati na vitambaa vya meza visivyokwisha. Tuko sita, wawili sisi Wapare, wengine wa Malindi na wa Goa. Mkubwa wetu ni serahangi, Mgoa mtu mzima mwenye sauti ya upole.

Usiwe na wasiwasi juu ya usalama. Pembeni mwa meli zimening'inia mashua nyingi za kuokolea watu, nyeupe, zimefunikwa turubai. Kila safari inapoanza, abiria wanaitwa sitahani kwa mazoezi. Wanavaa vizibao vya kuelea, hivyo vya kufunga kifuani, vimejazwa kitu chepesi kama gome. Mabibi wanacheka, wanapigana picha, mmoja alimvalisha mbwa wake. Ofisa anaeleza, kengele ya chai inalia, basi.

Nimemtumia mama kitambaa cha maua. Tafadhali mpe, useme ni cha Pasaka hata kama Pasaka imepita. Nimeanza kununua vitu vya kasha langu. Nikirudi nitapanda Vudee kama Naftali, tena wabebaji wangu watakuwa watatu. Jambo la mama kwanza tuliache, nitamwambia mwenyewe, uso kwa uso.

Mpwa wako,
Anaeli


Vudee
30 Mei 1954

Mpwa wangu,

Marahaba. Barua yako ilikaa Makanya muda mrefu kwa sababu masika hatimaye yalikumbuka kazi yake, na njia ya kuteremkia iliporomoka. Sote tu salama. Mapacha wa mbuzi wamepewa majina, jambo ambalo sijawahi kuliona huku kwetu, na mama yako amenikataza kuuliza sababu. Kitambaa amekipenda. Alikiweka puani akanusa, akasema, "Tanga siku hizi wanauza nguo zinazonuka sabuni hii?" Mimi nikawa na haraka ya kwenda kuangalia nyuki.

Nimeisoma barua yako mara mbili. Umenieleza mashua, umenieleza mbwa aliyevalishwa kizibao. Hukunieleza unasimama wapi. Nimefundisha watoto kwa muda mrefu, Anaeli, na ninamjua mtoto anayejibu swali la jirani kwa sababu lake halijui.

Basi nikueleze ninavyofikiri, nawe unisahihishe, maana meli sijawahi kupanda. Mashua za kuokolea watu ni kama majembe yaliyotundikwa ukutani. Jembe peke yake halijengi ukingo. Kinachojenga ni mtu anayejua jembe lake ni lipi, njia ya kulifikia ni ipi, na nani atakuwa kushoto kwake na kulia kwake. Tena lazima awe amefanya hivyo siku ya kawaida, jua likiwaka, hakuna hatari, watu wakinung'unika kwamba wanapotezewa muda. Siku ya hatari akili ya mtu hupungua, hubaki miguu, na miguu inajua tu ilikozoeshwa kwenda. Ndiyo maana tunapiga msaragambo, ile kazi ya kijiji kizima, hata mwaka ambao ukingo hauna ufa.

Kwa hiyo nakuuliza kwa vipande. Mashua yenu ninyi wa dobi ni ipi? Mnaitwa kwenye mazoezi, au ni ya abiria tu? Maelekezo yanatolewa kwa lugha gani? Na hizo ngazi tatu, mmewahi kuzipanda taa zikiwa zimezimwa?

Usinijibu kwa kunipendeza. Nijibu kama ulivyokuwa ukinijibu hesabu, hata ukikosea.

Mjomba wako,
Asheri


Port Said
11 Julai 1954

Mjomba, shikamoo.

Natumaini mguu haukutabirii mabaya. Hapa ni joto, na wachuuzi wanakuja na vimashua vyao wanauza ngozi na shanga kwa kamba ndefu. Kassimu alinunua saa, ikatembea mpaka jioni, haijatembea tena.

Nitakujibu kama hesabu.

Mashua yetu sikuijua. Kuna karatasi ukutani yenye namba, imeandikwa Kiingereza, na mvuke wa dobi umeifuta nusu. Kwenye mazoezi tulikuwa hatuitwi, kwa sababu siku ya kuanza safari ndiyo siku ya mashuka mengi kuliko zote. Baada ya barua yako nilimuuliza serahangi. Akanitazama, akasema, "Umeuliza vizuri," akaenda kuongea na ofisa. Safari iliyofuata tukaitwa.

Sasa sikia aibu yangu. Ishara ya hatari katika meli ni honi fupi fupi nyingi, halafu moja ndefu. Wewe unajua fupi fupi ni nini kwetu. Ni pembe ya ukingo kupasuka. Ilipolia, mjomba, sikufikiri kabisa. Nilitupa pasi, nikamshika Kassimu, tukapanda ngazi mbio, tukawa wa kwanza kufika sitahani. Nilisimama pale nikijisifu moyoni. Wenzetu wakaja baadaye, kila mmoja na kizibao chake kifuani. Sisi wawili mikono mitupu. Vizibao vinakaa chini vyumbani mwetu tunakolala, na mtu anapaswa kwenda kukichukua kwanza. Ofisa aliuliza kama sisi ni samaki. Watu wakacheka. Mpaka sasa jikoni wanatuita hivyo, "samaki wa mlimani." Kassimu amekasirika kuliko mimi. Anasema, "Mimi ni mtu wa Makanya, kwetu hakuna hata mto, umenitia katika ujinga wa Wapare wa juu."

Nimejiuliza tangu siku ile. Tangu utoto nimeambiwa: pembe ya msaragambo, njoo na jembe, pembe ya ukingo, njoo mikono mitupu, usirudi nyuma kuchukua chochote. Lakini sijawahi kuambiwa kwa nini. Na kila nilipouliza habari za baba mliniambia tu kwamba maji yalimchukua. Je, mambo haya mawili ni moja?

Mpwa wako,
Anaeli


Vudee
22 Agosti 1954

Mpwa wangu,

Marahaba, na poleni kwa jina la samaki. Huku ni baridi. Kahawa imechumwa. Mama yako hajambo, kila siku anakutaja. Anazungumza na wale mbuzi wake, nami nikipita karibu ananyamaza.

Ndiyo, ni jambo moja. Nilikuwa nikisubiri uulize ukiwa mtu mzima, na barua si mahali nilipopachagua, lakini umeuliza.

Ulikuwa bado unabebwa mgongoni. Wakati ule palikuwa na pembe ya namna moja tu, na aliyefika bila jembe alitozwa jogoo. Baba yako Manase alikuwa ametozwa majuma machache kabla, na vijana walimtungia wimbo wa kumkejeli, mwepesi, usio na ubaya, lakini ulimuuma. Masika yalikuwa makali mwaka ule. Mchana mmoja ndiva ikafura, ukingo ukaanza kutoka jasho, pembe ikalia. Manase alikuwa kwa jirani. Alikimbia pamoja nasi mpaka kwenye kona ya chini ya kanisa, hapo akatazama mikono yake. Akasema, "Tangulieni, nimesahau jembe." Nilimsikia kwa masikio yangu. Njia ya kwenda nyumbani kwenu ilikatiza korongo lililo chini ya ndiva. Alikuwa korongoni wakati ukingo ulipopasuka. Jembe tulilipata kwanza, limekwama kwenye mizizi ya mvule. Alikuwa amekwisha kulichukua, alikuwa anarudi.

Wazee wakakaa kikao. Walizungumza juu ya mawe na udongo kutwa nzima. Mama yako akaingia, mjane wa siku chache, wewe mgongoni, katika kikao ambacho wanawake hawakuwa wakiingia. Akasema maneno machache. "Wekeni pembe mbili. Ya ukingo ikilia, watu waje mikono mitupu. Majembe yanauzwa Makanya." Kisha akatoka. Sheria hiyo unayoijua ni ya Dina.

Ninakueleza hayo ili ujue kwamba miguu yako haikufanya ujinga siku ile melini. Ilimtii mama yako. Lakini nikueleze na upande wa pili, maana sheria hushonwa kama kanzu, kwa kipimo cha mwili wa anayeivaa. Huku kwetu hatari ni maji yanayopita, na kitu mkononi kinakuchelewesha. Huko kwenu hatari ni maji yanayobaki, na kile kizibao ndicho ardhi yako. Huwezi kwenda bila hicho. Kwa hiyo ofisa yuko sawa.

Lakini sheria yake nayo ina korongo ndani yake. Inamtuma mtu ateremke chumbani, wakati moto au maji yako huko huko chini, ili achukue kitu cha kumwokoa. Mlioko kazini dobi, vyumba vyenu viko njiani kwenda juu, au lazima mrudi nyuma? Kama mnarudi nyuma, basi mtu ameweka jembe la Manase ng'ambo ya korongo.

Nadhani dawa ni ndogo. Sanduku moja, vizibao sita, juu ya ngazi, mahali mnapopita kwa vyovyote. Mwombeni serahangi kwa adabu, kwa sababu mtu aliyesema "umeuliza vizuri" ni mtu wa kuulizwa tena. Na mkiwa mmepanda, msishuke tena kwa ajili ya kitu chochote. Hapo sheria ya mama yako inafaa hata baharini, haihitaji kushonwa upya.

Mjomba wako,
Asheri


Vudee
14 Novemba 1954

Mpwa wangu Anaeli,

Ninaandika bila kuwa na barua yako ya kujibu. Pengine inakuja, na hizi mbili zitapishana njiani kama watu wasiofahamiana. Sote tu wazima. Mvua za vuli zimefika. Tumezibua matope ya ndiva, na mimi nimesamehewa kubeba mawe kwa sababu ya mguu, nikapewa kazi ya kuhesabu waliofika, ambayo ni kazi ya watu wazee wanaotaka kujiona wana kazi.

Juma lililopita Athumani alipanda mwenyewe kuja huku. Unajua hapendi mlima, hupumua kama mvukuto wa mhunzi. Alipokataa maji kwanza, nikajua ana neno. Alisema watu wa garimoshi wamesikia Mombasa kwamba meli moja ya abiria imeingia bandarini ina masizi ubavuni. Jina hawakulijua. Hakuna barua ya Kassimu kwake tangu mwezi wa tisa, na yako kwangu hakuna. Tulikaa. Nikamweleza jinsi meli inavyojengwa kwa vyumba vilivyotengwa na milango ya chuma, kwamba moto ukitokea chumba kimoja milango hufungwa, ukafa humo humo kwa kukosa hewa. Nilieleza kwa kirefu. Athumani akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mwalimu, umesoma wapi hayo?" Nikasema kitabuni. Akasema, "Basi yasome tena usiku huu, na mimi niombee."

Nimemwandikia wakala Mombasa. Nimemwandikia pia karani mmoja wa posta Same aliyekuwa mwanafunzi wangu, apige simu ya maandishi.

Mama yako alikuja jana na kikapu cha makande, akaketi. Alisema, "Athumani alifuata nini?" Nikasema alikuja kuona nyuki. Akasema, "Athumani anaogopa nyuki." Akaondoka, hakuchukua kikapu.

Hata kama ni mstari mmoja, andika.

Asheri


Hospitali, Mombasa
2 Desemba 1954

Mjomba wangu mpendwa, shikamoo.

Mimi ni hai. Nimeanza na hilo kwa sababu najua ungeruka salamu ulitafute. Pokea salamu sasa. Natumaini mama hajambo, na wewe, na mapacha. Hati hii si yangu, ni ya Kassimu, kwa kuwa vidole vyangu vimeumia kidogo. Si jambo la kutisha.

Tulifanya ulivyosema. Serahangi alikubali, ofisa akakubali baada ya serahangi kumpeleka chini akamtembeza njia yetu yote kwa miguu. Seremala wa meli akagonga sanduku juu ya ngazi, vizibao sita, na namba ya mashua yetu tukaiandika kwa Kiswahili kwenye kifuniko. Serahangi akatufanyisha mazoezi taa zimezimwa, tukipapasa ukuta. Wa Malindi walinung'unika sana.

Mwezi wa kumi, baada ya kutoka Dar es Salaam, nguo zilishika moto katika chumba cha kukaushia. Ilikuwa asubuhi, abiria wanakunywa chai. Moshi ulikuja mzito, ukazima taa kama mtu anayefunika kwa blanketi. Honi ikalia fupi fupi. Mjomba, hatukuonana hata nyuso, lakini kila mmoja alijua ukuta wake. Tulipofika juu tulivaa vizibao, tukasimama kwenye mashua yetu, serahangi akatuhesabu, wote tupo. Abiria nao walipangwa, hakuna aliyecheka siku hiyo, na yule mbwa alikuwepo. Milango ya chuma ilifungwa, mabaharia wakapiga maji, moto ukazimwa kabla ya adhuhuri. Mashua hazikuteremshwa. Hakuna aliyekufa.

Meli itatengenezwa muda mrefu. Nasi tumelipwa na kuachwa. Nikipona nadhani nitatafuta kazi hapa Mombasa mwaka mmoja au miwili, kisha nitakuja nyumbani vizuri. Mwambie mama niko Mombasa, kazi ya bandari. Hiyo sasa si uongo, au karibu.

Mpwa wako,
Anaeli

*

Mwalimu, shikamoo. Hapa ni mimi Kassimu, mdogo wake Athumani, mwenye hati. Anaeli amelala, amekwisha kuniambia nifunge barua, nami sijafunga. Aliniambia niandike vidole, nikaandika vidole. Ni viganja vyote viwili.

Sote sita tulikuwa tumesimama kwenye mashua, kama alivyosema. Kisha nikageuka nikamwona hayupo. Alikuwa amerudi chini kufuata kasha lake. Ndani mlikuwa na viatu alivyokununulia wewe, blanketi, na cherehani ya mkono aliyomnunulia mama yake Durban, ambayo alikuwa akiifungua kila Jumapili kuipangusa mafuta. Nilimkuta kwenye mlango wa chuma uliokuwa umefungwa, ameshika mkono wa mlango kwa nguvu zake zote anataka kuufungua, na chuma kile kilikuwa cha moto. Hakuwa akihisi. Nilimvuta kwa kizibao mpaka tukaanguka wote wawili. Nikamwambia mbele ya ofisa maneno ambayo siwezi kumwandikia mwalimu.

Kasha limeungua. Daktari anasema mikono itafunguka, lakini itachukua muda. Yeye hasemi habari za mikono. Anasema tu kwamba hawezi kupanda Vudee hana kitu, watu wakimchungulia. Mimi nimemwambia nitarudi naye, sitaki tena meli, nataka mahali ambapo moto uko jikoni na maji yako mtungini. Hanisikii. Labda atakusikia wewe.

Kassimu


Vudee
12 Desemba 1954

Mpwa wangu Anaeli,

Marahaba. Mungu ashukuriwe, na Kassimu ashukuriwe baada yake. Usimkasirikie. Barua ilikuwa ya watu wawili tangu mwanzo, maana mkono ni wake.

Nyumbani ni wazima. Vuli ni nzuri mwaka huu, ndiva inajaa kabla jogoo hajawika, na maharage yamepanda mpaka kwenye dirisha langu.

Nilikuwa nimekwisha kukuandikia kurasa tatu. Nilikueleza juu ya ule mlango wa chuma, kwamba haukufungwa ili kukunyima kasha, ulifungwa kwa ajili ya wote waliokuwa juu, na kama ungefunguka moshi ungepanda ngazi ile ile mliyopanda ninyi. Nilieleza kwamba mtu anaweza kuifahamu sheria, akaifundisha wenzake, akaitimiza vizuri mpaka dakika ya mwisho, kisha moyo ukamrudisha nyuma kwa ajili ya kitu cha kumwonyesha mama. Yalikuwa maelezo mazuri. Nimeyatia motoni, kwa sababu wakati nikiyaandika mama yako aliingia.

Akasema, "Soma." Nikasema nini. Akasema, "Kaka, kitambaa kile nilimpelekea Zaituni mke wa Athumani anishonee. Akaniambia ni cha Durban, shemeji yake naye amemletea kama hicho. Hiyo ilikuwa kabla ya kahawa kuchumwa. Nimekuacha uangalie nyuki wako mwaka mzima. Sasa soma."

Nikamsomea barua zako zote, tangu ya kwanza. Kwa bwawa juu ya meli alicheka. Kwa samaki wa mlimani alicheka mpaka akafuta macho. Nilipofika kwenye mlango wa chuma, nikataka kuruka, akaweka kidole chake juu ya ukurasa, yeye asiyejua kusoma, mahali pale pale nilipotaka kuruka. Nikasoma. Kisha akauliza, "Cherehani ilikuwa ya namna gani?" Nikasema ya mkono. Akasema, "Cherehani zinauzwa Same."

Sasa sikiliza. Athumani amekwisha kupeleka nauli kwa nduguye. Mnapanda garimoshi wote wawili, mnashuka Makanya. Mama yako anateremka stesheni mwenyewe, ameazima viatu vyangu vya zamani, na ameniambia mimi nibaki kwa sababu ya mguu. Bila shaka nitakuwepo. Naftali na mwenzake watakuja kukusaidia njiani. Watu watakuchungulia, hilo kweli, nasi tutawaacha wachungulie.

Nilimuuliza nikuandikie nini kutoka kwake. Alifikiri, akasema niandike hivi:

*Anaeli, mwanangu, pembe imelia. Njoo mikono mitupu.*

Ameniagiza nisiongeze maelezo. Wewe unajua ilivyo vigumu kwangu, kwa hiyo naweka kalamu chini.

Mjomba wako,
Asheri